Njumu za Mtu Tusiyemjua

Ineza mwanangu,

Mama yako amefunga begi lako, akalifungua, akalifunga tena. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kushika pasipoti pale mpakani Rusumo ameshakueleza, na ninavyomjua atakueleza tena kesho njiani kwenda stendi ya Nyabugogo. Huko mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu linalonisumbua, na kusema kweli sijui nilianzie wapi, maana nimelizungusha kichwani tangu tulipomaliza kula na kila nikilishika linageuka.

Ni lile ulilosema Jumanne nilipokuuliza kama umewaaga wenzako wa timu. Ulikuwa unakunja sweta, hukuniangalia. Ukasema, "Papa, ni mpira tu. Watapata golikipa mwingine." Halafu ukaniomba nisimwambie mtu kwamba unakwenda Mwanza kusoma. Utawaandikia kwenye grupu ukishavuka mpaka, kisha utatoka kwenye grupu, mambo yaishe. Nikasema sawa. Nilisema kwa mdomo tu, na tangu hapo sijatulia.

Baba mwingine angekuwa na hoja za kukupa. Mimi nina kisa kimoja cha aibu, kile cha msiba wa Gatsata. Nusu yake uliisikia ukacheka mpaka ukashika mbavu, na mama yako amenikataza kukisimulia mbele ya wageni. Nusu ya pili hujaisikia. Nitakuandikia chote jinsi kilivyokuwa, labda wewe uliyeenda shule kuliko mimi utakielewa.

Wazee wangu wa Jumapili unawajua. Umetuona pale Kagarama kwenye kiwanja cha udongo, matumbo mbele, tukigombania kona utadhani tunalipwa. Unajua pia kwamba hatuitani majina. Yupo Beki. Yupo Daktari, ambaye si daktari, anauza miwani mjini. Mimi ni Bukoba. Jina hilo nilipewa siku ya kwanza, nilipokuwa kijana niliyetoka Tanzania juzi juzi. Wazazi wangu walisema tumerudi nyumbani, na wao kweli walikuwa wamerudi. Mimi nilikuwa nimekuja tu. Kinyarwanda changu kilichekwa hata dukani nikiomba chumvi, na ofisini nilijifunza kunyamaza ili watu wasinisikie. Mfanyakazi mwenzangu akanipeleka kucheza kwa sababu walipungukiwa mtu. Mpira ukanifikia, nikasimama nao sijui niupeleke wapi, na jamaa mmoja mrefu ambaye nilikuwa nimemsalimia mara moja tu akanipigia kelele kwa Kiswahili, "Bukoba, nyuma yako!"

Nikageuka. Kweli kulikuwa na mtu anakuja kunivunja mguu. Mwanangu, tangu nifike Kigali hakuna aliyekuwa amenitazamia mgongo. Nilirudi chumbani kwangu siku ile na furaha ya kijinga kabisa, na viatu sikuvua mpaka giza likaingia.

Yule mrefu ndiye Krosi. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mguu wake wa kushoto, ambao hata leo, uzee huu, unaweza kuuweka mpira kichwani kwako ukiwa umefumba macho. Tumecheza pamoja tangu wewe hujazaliwa. Akitaka kupiga anashusha bega kwanza. Goti lake la kulia linalia mvua ikikaribia. Nilipoteguka mguu, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani. Tukimaliza kucheza tunakula brosheti za mbuzi na ndizi za kuchoma, sisi tunakunywa bia, yeye anakunywa Fanta, tunacheka, kila mtu anashika njia yake. Ungeniuliza rafiki yangu hapa mjini ni nani, ningesema Krosi bila kufikiri.

Mwaka huu Krosi akaacha kuja. Jumapili ya kwanza tukasema ana kazi. Ya pili tukasema ana mafua. Simu yake haikupatikana. Tulichojua ni kwamba anatengeneza magari Gatsata, basi. Siku moja Daktari akapeleka gari lake huko, akasikia mafundi wanazungumza kwamba mwenzao amefariki ghafla, mtu mrefu, mtu wa mpira, kila Jumapili asubuhi alikuwa anakwenda kucheza. Daktari hakuuliza zaidi. Angeuliza nini? Alinipigia simu akilia, nami nikalia.

Tulikwenda wote jioni, siku ya mazishi yenyewe, tumevaa jezi zetu za bluu chini ya makoti. Watu walikuwa wengi, chumba kimejaa, tukakalishwa nje chini ya turubai. Kwaya iliimba. Desturi yetu unaijua, msemaji wa familia anayaita makundi moja moja yajitambulishe: majirani, watu wa kanisa, mafundi wa karakana. Tulipoitwa sisi, Beki akanisukuma mbele kwa sababu eti ndimi ninayejua kuzungumza.

Nikazungumza. Nilisema sisi ni wenzake wa Jumapili. Nikasema habari za mguu wa kushoto, habari za kubebwa mgongoni, na jinsi mgeni asiyejua lugha alivyoambiwa "nyuma yako" akapata mji wa kuishi. Sijawahi kuzungumza vizuri namna ile, wala sidhani nitaweza tena. Akina mama walifuta machozi kwa vitenge. Mjane akatoka ndani, akanishika mkono mbele ya watu wote, akaniingiza sebuleni nikawaone watoto.

Picha ilikuwa juu ya meza ndogo, na mshumaa pembeni. Mtu wa uso mpana, ana mwanya, anatabasamu. Sikuwa nimemwona mtu yule maishani mwangu. Niliitazama kwa muda mrefu nikimtafuta Krosi ndani ya uso ule, nikidhani labda picha ni ya zamani, labda kifo kimenivuruga macho. Hapa ndipo wewe huwa unacheka, na haki unayo, ila kuna maneno ambayo sikukusimulia.

Yule mama ni mtu wa Goma, anazungumza Kiswahili cha kwao, Jumapili anaiita dimanshi na kibegi anakiita kasaki. Aliniambia polepole, watoto wasisikie. "Muzee, mimi nilikuwa nawaza mubaya. Kila dimanshi anabeba kasaki kake, anatoka. Nikimuuliza, anasema naenda kwa benzangu. Hao benzake sikuona hata moya. Nikajiambia, huyu iko na mwanamuke fasi fulani. Tuligombana sana. Leo nimewaona."

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema.

"Ni kweli alikuwa anajua mupira?" akaniuliza.

"Sana, mama."

"Na mulikuwa munamupenda?"

Nikasema, "Sana." Akanikumbatia. Nikatoka nje, nikawafanyia wenzangu ishara tuondoke.

Nilipowaeleza habari ya picha tuligombana barabarani, watu wazima tumevaa jezi. Beki alitaka turudi tukaseme ukweli. Daktari akamwambia, "Ukweli gani? Wewe iko na ukweli gani? Huyu mutu alikuwa anaenda wapi dimanshi, unajua?" Beki hakujua. Mimi pia sikujua. Nilichojua ni kwamba nimemtetea marehemu kwa mambo aliyoyafanya mtu mwingine, na mkewe atalala vizuri kwa sababu yangu, na labda kweli alikuwa na mwanamke. Mpaka leo sijui kama nilimfanyia yule mama wema au nilimwibia kitu.

Jumapili iliyofuata Krosi akaja. Alikuja anakimbia polepole kama kawaida yake, begi begani. Daktari alikaa chini, pale pale katikati ya kiwanja. Krosi alikuwa Rusizi anamuuguza dada yake, na simu ilikuwa imemtumbukia kwenye ndoo ya mafuta machafu. Tulipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Mulinizika wapi?"

"Gatsata," nikamwambia.

"Gatsata mimi nafanya kazi. Nalala Rwezamenyo, nyuma ya musikiti. Nimezaliwa pale. Baba yangu alizaliwa pale." Akacheka tena, kisha akapunguza. "Na kwaya iliimba?"

"Iliimba."

"Bukoba, mimi ni Mwislamu. Naitwa Idrisa."

Ineza, hapo ndipo tulipoelewa. Kila mtu alikuwa anaikumbuka ile Fanta. Sisi tulidhani ana vidonda vya tumbo. Miaka yote ile, Ramadhani ikifika, tulimwona anacheza bila kugusa maji, tukamsifu kwa pumzi. Tulikaa chini ya turubai tukaimba nyimbo za kanisa kwa ajili ya Idrisa wa Rwezamenyo, na hakuna kati yetu aliyehisi kwamba kuna kitu hakiendi sawa.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifunga kamba za viatu vyake, na kabla hajasimama akauliza, "Siku nikikufa kweli, nani atawaambia?" Tukaanza kucheza. Siku ile hakupiga krosi hata moja nzuri.

Tangu hapo tuna utaratibu mpya, ndio maana siku hizi nachelewa kurudi. Tukimaliza mpira tunakwenda wote nyumbani kwa mmoja wetu. Tunaingia, tunamsalimia mama wa nyumba, tunaona watoto, tunatoka. Kwa Idrisa tulipewa chai ya tangawizi na sambusa, na mkewe akatuangalia mmoja mmoja akasema, "Kumbe muko watu kweli." Beki anaishi karibu nasi hapa, njia ya pili kutoka kwetu. Sikujua. Nilidhani kila Jumapili anatembea nami ili anisindikize.

Ungedhani yameishia hapo, nami ningeweza kukupa somo zuri. Lakini yule mjane akatuma viatu. Daktari alikuwa amemwachia namba ya simu, naye akamtuma kijana wa pikipiki na mfuko wa kitambaa. Ndani kulikuwa na njumu za mume wake na ujumbe kwamba avivae yule ambaye mguu wake utaingia, maana ni vya timu. Vikaja kwangu kwa sababu ndimi niliyeyaanza haya yote. Nilikaa navyo pale kibarazani, nikiogopa kuvitazama vizuri. Nilitegemea nikute viatu visivyotumika.

Vimetumika, Ineza. Meno yameliwa upande mmoja, kisigino kimeshonwa kwa uzi wa nailoni, kwa mkono, na fundi anayejua kazi. Nilipovikung'uta zikadondoka punje nyeusi za mpira, zile zinazomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia. Sisi tunacheza kwenye udongo. Basi yule mtu hakumdanganya mkewe hata siku moja. Alikuwa na wenzake. Kuna wazee mahali fulani katika mji huu, wenye kiwanja kizuri kuliko chetu, ambao kila Jumapili wanasema leo ana kazi, leo ana mafua, na simu haipatikani.

Nilifurahi. Halafu nikashikwa na kitu kingine ambacho sikipatii jina. Nilimpa yule mama wenzake wa uongo, kumbe wa kweli wapo na hawakuja, kwa sababu hawakujua nyumba. Pengine nao walisikia habari nusu kama sisi. Pengine walikaa chini ya turubai la msiba mwingine kabisa, mmoja wao akasimama akasema maneno mazuri, kisha akaingia ndani akaona picha.

Nimewatafuta. Mama yako anadhani jioni nafanya mazoezi ya kutembea. Nabeba mfuko ule, nakwenda kwenye viwanja vya nyasi bandia wanakocheza watu wa umri wangu, nasubiri wapumzike, nauliza. Kuna mwenzenu aliyeacha kuja? Mrefu, fundi wa magari? Jina nililolisikia msibani nalitaja, haliwasaidii, maana nao hawaitani majina. Na kila ninapokwenda wananiambia ndiyo, yupo. Kila kiwanja kina mtu wake. Mmoja wanasema alikwenda Kampala, mwingine wanasema aligombana na kapteni, mwingine hawajui. "Alikuwa iko muzuri sana, yule," wanasema. Nikiuliza nyumba yake wanaangaliana. Picha ya marehemu ningeweza kuiomba kwa mjane, mambo yaishe, lakini nikimwomba picha ya mtu niliyesema nilicheza naye miaka yote hiyo, itabidi nimwambie mimi ni nani. Nimefika getini kwake, nikarudi. Nimefika tena, nikarudi tena. Viatu viko juu ya kabati langu. Wewe uliwahi kuniuliza ni vya nani nikasema ni vya rafiki, na sikujua kama nasema uongo.

Sasa nirudi kwako, maana naona nimekwenda mbali.

Jumatano, ulipokuwa mjini na mama yako mkinunua begi, Solange alikuja. Kapteni wako mwenyewe, na plasta zake kwenye vidole. Alisimama mlangoni akaniuliza mbona huendi mazoezini. Nami kwa sababu ya ahadi niliyokupa nikamwambia unaumwa kidogo. Aliniangalia sana. Akasema, "Basi mwambie Jumamosi tunacheza, Papa Ineza. Golikipa mwingine hatuna, lakini sikuja kwa sababu hiyo." Nikamuuliza alipajuaje hapa. Akashangaa swali langu. "Timu yote tunapajua. Sisi tunajuana hadi kwa bibi zetu."

Alipoondoka nilikaa pale kibarazani nikiona aibu, na wivu pia, wivu wa kweli. Mimi nilihitaji kumlilia mtu nisiyemjua ili nijifunze kuuliza Idrisa analala wapi. Wewe na hao wasichana mmelipata jambo hilo mkiwa bado mnasoma, bila msiba wowote, na sasa unataka kuliacha kimya kimya pamoja na sweta lililokubana. Najua kwa nini. Si kwamba huwapendi. Ulikuwa umewaahidi kumaliza nao mashindano, chuo kikakuita mapema, na unaona haya kuwatazama machoni na kuwaambia kwamba langoni hapatakuwa na mtu. Mimi nisingeweza pia. Lakini Idrisa alipotea kwetu wiki chache tu bila neno, na sisi tukamzika.

Sitaki kukuambia ufanye nini. Ningekuwa najua, ningesema. Labda ni kweli kwamba ni mpira tu, na huko Mwanza utasimama kwenye lango jingine, mtu atakupigia kelele "nyuma yako", na maisha yataendelea. Nakuombea hivyo. Naogopa tu usije ukawa mtu wa kasaki, unayetoka kila Jumapili kwenda kwa wenzako, na hakuna upande unaojua mlango wa upande mwingine.

Nimevunja ahadi niliyokupa. Hilo ndilo nililokuwa nazunguka muda wote huu nikiogopa kuliandika. Muda mfupi uliopita, mama yako alipokwenda kuoga, nimemwandikia Solange, maana Jumatano aliniachia namba yake. Nilimwambia, Ineza anaondoka kesho asubuhi na basi la Mwanza, hakuwaambia kwa sababu anaona haya, msimkasirikie. Nilijuta kabla sijaiweka simu chini.

Akajibu hapo hapo. "Tunajua, Papa Ineza. Tunajua tangu wiki iliyopita. Tulikuwa tunangoja atuambie yeye." Halafu ukaja ujumbe wa pili. "Tuje Nyabugogo, ama tusije?"

Sijamjibu. Nimeanza kuandika mara kadhaa, nikafuta. Siku ile Gatsata niliulizwa swali lililokuwa la mtu mwingine kujibu, nikalijibu, na bado nalibeba. Hili la leo si langu.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kwa kuwa naona taa yako bado inawaka. Simu yangu iko mezani sebuleni, karibu na begi. Solange bado anangoja.

Baba yako